Bibi Narwimba na Mikono Iliyoandika Habari Zake

Mtu anayetafuta habari za Mkwawa hapati shida kubwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara yake ya 246, ulitaja hata fuvu la kichwa chake, na mwaka 1954 fuvu hilo lilirudishwa Uhehe, nalo limehifadhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Lakini yatupasa tuulize: yuko wapi mwanamke wa kawaida aliyekimbia vita vya nyakati zile huku amebeba mtoto mgongoni? Nani aliandika jina lake, na kwa sababu gani?

Swali hili tumelipata katika kitabu cha Marcia Wright kilichotoka mwaka 1993, chenye jina la Kiingereza *Strategies of Slaves and Women*, yaani mbinu za watumwa na za wanawake. Mwandishi huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya misioni za Kijerumani katika Tanganyika, kilichoeleza kazi ya Walutheri na Wamoravian katika nyanda hizi tangu 1891 hadi 1941. Kile kilikuwa kitabu cha mashirika, serikali na viongozi wa Kanisa. Katika hiki cha pili amerudi katika nchi ile ile, akainama chini zaidi, akatafuta watu ambao hawakuongoza chochote.

Miongoni mwao ni Bibi Narwimba. Alikuwa mtu wa nchi iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati watu walipokamatwa na kuuzwa kama mbuzi. Alifiwa na mumewe, Sambi. Alipoona hana mtu wa kumkinga, alimwendea Mirambo, jamaa ya marehemu (wala si yule mtemi mashuhuri wa Unyamwezi), akamwomba amchukue awe mkewe. Baadaye alitekwa pamoja na watoto, akahangaika, na mwisho wa safari zake akawa mkazi wa Utengule, magharibi ya mji wa Mbeya wa leo.

Utengule penyewe pana historia ya watu waliohama. Hapo Merere wa Wasangu alijenga boma lake alipofukuzwa na Wahehe kutoka Usangu. Wamoravian walianzisha misioni mahali hapo mwaka 1895, na Wajerumani walimrudisha Merere kwao. Basi waliokusanyika pale walikuwa Wasafwa wenyeji pamoja na waliookolewa, waliokimbia na waliosahauliwa na koo zao. Huko ndiko Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, ambaye baadaye aliandika vitabu vitatu juu ya Wasafwa vilivyotoka Berlin kati ya 1926 na 1929, alipoketi na akina mama hawa na kuandika habari zao.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Wamoravian tangu karne ya 18 wana desturi ya kuandika mwenendo wa maisha ya kila mshiriki, mkubwa na mdogo, ili usomwe siku ya maziko yake. Desturi hii ina umbo lake: giza kwanza, kisha mashaka, kisha wito, kisha amani. Mama Kootz-Kretschmer alilelewa ndani ya umbo hilo. Bibi alisimulia kwa lugha ya Kiafrika. Mmisionari akaandika kwa Kijerumani. Wright ametupa kwa Kiingereza. Nasi twaeleza kwa Kiswahili. Katika mikono yote hiyo, ni maneno mangapi yamebaki ya bibi mwenyewe?

Wright analijua tatizo hili, naye analishughulikia kwa uangalifu. Hadai kwamba tunasikia sauti tupu ya mwanamke. Hutazama yale ambayo mmisionari hakuwa na sababu ya kuyatunga: nani alimlipa nani, mtoto wa nani alishikwa, mjane alikimbilia kwa jamaa yupi. Mambo madogo kama hayo hayakuhitajiwa na mahubiri, na kwa hiyo ni shahidi mwaminifu kuliko sura ya mwisho yenye ubatizo. Njia hii twaisifu bila kusitasita.

Walakini tuna neno dhidi yake. Neno "mbinu" lina harufu ya mchezo wa bao, kana kwamba mchezaji ana kete za kutosha mkononi. Narwimba alipomwomba Mirambo amrithi, alikuwa na kete ngapi? Tena Wright huuliza zaidi jinsi bibi alivyosalimika kuliko jinsi alivyoamini. Mmisionari alikosea kwa upande mmoja, na mwanahistoria amekaribia kukosea kwa upande wa pili. Mtu aliyebadilishwa kutoka mkono hadi mkono, kisha akasikia kwamba amenunuliwa kwa thamani, huenda alilielewa neno hilo vizuri kuliko sisi tunaolifafanua ubaoni kwa Kigiriki.

Wanafunzi wetu walisome tukio la Mirambo kwa makini. Tumezoea kuhubiri juu ya kurithi wajane kama jambo wanalotendewa na wanaume, na katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, ambako UKIMWI umeacha wajane wengi, tuna sababu ya kulikemea. Lakini huyu aliliomba mwenyewe. Mchungaji anayekataza bila kuuliza mjane atalala wapi usiku huo hajamjibu Narwimba.

Nasi Walutheri tusijione tumesalimika katika jambo la maandishi. Fungua kitabu cha zamani cha ubatizo katika sharika zetu nyingi: mwanaume ana jina, kijiji na kazi, mwanamke ni "mke wa" fulani, au jina moja la Kikristo lisiloweza kumtofautisha na akina Maria kumi na wawili wa ukurasa huo huo. Mchwa wamekula mengine. Na ile historia fupi ya marehemu tunayoisoma kaburini, mara nyingi imeandikwa usiku wa matanga na kijana asiyejua bibi yake alizaliwa wapi, kisha karatasi hukunjwa ikatiwa mfukoni, ikafuliwa na koti.

Kiingereza cha Wright ni kizito, hasa katika utangulizi. Twamshauri msomaji aanze na masimulizi ya Narwimba mwenyewe, ndipo arudi nyuma kwenye hoja.