Jina la Mwandikaji na Njia ya Waraka

Katika muda wa miaka mitatu nchi ya kusini, kutoka vilima vya Umatumbi hata pwani ya Lindi, ilipitiwa na jumbe mbili zilizoitikisa. Wa kwanza ulipita mwaka 1905 katika Kipatimu na Nandete, nao haukuandikwa. Wamatumbi waliuita njwiywila, yaani neno la siri linong'onwalo mtu kwa mtu, na aliyetaka kulisikia alitoa pesa moja. Ulisema kwamba mwaka ule ni wa vita, na kwamba yuko mtu Ngarambe mwenye dawa. Wa pili ulifika Lindi mwaka 1908, nao ulikuwa waraka. Ulidai kutoka kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume katika Madina, ambaye aliota ndoto na kuagizwa awaonye Waislamu kwamba kiyama ki karibu.

Tofauti ya jumbe hizi yastahili kupimwa, kwa kuwa inahusu jambo ambalo uhakiki wa nyaraka za Kiswahili umelipuuza: jina lililo juu ya karatasi lina uzito gani? Njwiywila haikuwa na jina juu yake, lakini ilikuwa na uso. Aliyenong'ona alijulikana ukoo wake, shamba lake na madeni yake. Waraka wa Lindi ulikuwa na jina kubwa, na uso haukuwapo kabisa.

Kwa sanaa, waraka huo si utungo hodari. Katika nakala zake mbalimbali malalamiko ni ya jumla: watu wameacha sala, matajiri hawatoi zaka, maovu yamezidi. Haitajwi dhambi yenye sura wala mji. Baadaye hufuata amri ambayo ndiyo roho ya utungo mzima: anayeunakili na kuupeleka mji mwingine atapata thawabu, na anayeuficha ataangamia. Maneno dhaifu namna hii yasingevuka hata mto Lukuledi yangalikuwa na jina la mtu wa kawaida. Jina la Madina ndilo lililoyabeba.

Serikali ya Gavana von Rechenberg ilishtuka, maana vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka uliotangulia tu. Ikamtafuta mtumaji, ikamshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa akikaa Unguja. Pengine alikuwa na mkono katika kuueneza. Lakini serikali ilisoma vibaya ilipodhani kwamba waraka una mwenyewe mmoja. Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuandika juu ya wasia wa namna hiyo hiyo katika visiwa vya Indonesia katika miaka ya 1880. Waraka kama huu hutungwa upya na kila anayeunakili kwa hofu.

Na Sheikh Ahmad je? Miaka mingi baadaye Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, katika kuukanusha wasia huo, alieleza kwamba aliwauliza baadhi ya jamaa za huyo aliyesingiziwa. Wakamjibu kuwa ni uzushi, kwamba hakulisema neno hilo kamwe, na kwamba amekwisha kufa zamani. Wahakiki humhurumia msomaji aliyedanganywa. Ni wachache wamkumbukao mtu ambaye jina lake limetumwa duniani bila yeye mwenyewe.

Barua pepe imeurithi udhaifu huu mzima mzima. Kanuni za kuipeleka, zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Jina na anwani ambayo msomaji huiona juu ya ujumbe ni sehemu ya maandishi tu, kama kichwa cha barua kilichopigwa chapa. Aliyeandika mwili wa barua ndiye aliyeandika na kichwa. Kwa jambo hili nyaraka za kale za pwani zilikuwa na adabu zaidi. Zilimalizika kwa neno katabahu, na mara nyingi zikabainisha kama mwenye jina ameandika kwa mkono wake au mwingine ameandika kwa amri yake.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kipatimu anayefungua sanduku lake asubuhi akakuta barua mia zilizorudishwa kwa kukosa mpokeaji, na matusi ya watu asiowajua, wakimlaumu kwa matangazo ya dawa za nguvu. Yeye hakuandika hata moja. Iwapo miongoni mwa barua alizotuma hamna hizo, wala hapana dalili ya mgeni kuingia, yumkini mlango wake haukuvunjwa; limeazimwa jina lake tu. Kubadili neno la siri ni tahadhari njema, lakini hakumzuii mwizi wa jina, kwa sababu mwizi huyo hakuhitaji ufunguo.

Dawa ya jambo hili inafahamika vizuri kwa mtu aliyesoma elimu ya hadithi. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika kusikia kwamba Mtume amesema. Waliuliza nani amepokea kwa nani. Msururu huo waliuita isnadi, na maneno yenyewe wakayaita matini. Barua pepe nayo ina isnadi, ijapokuwa simu huificha na kuonyesha jina peke yake. Ujumbe wa Gmail ukifunguliwa katika kompyuta kwa umbo lake la asili, huonekana mistari iliyogongwa na kila seva ulimopita, wa karibu ukiwa juu na wa mbali chini. Mistari ya chini yaweza kughushiwa. Ile iliyoandikwa na seva ya mpokeaji mwenyewe ndiyo ya kutegemewa, kama vile mpokezi wa mwisho ambaye mtu amemwona kwa macho yake. Juu ya hayo umewekwa uthibitisho wa aina tatu, SPF, DKIM na DMARC, ambao kwa pamoja huuliza kama seva iliyoleta barua ina idhini ya mwenye jina. Tangu Februari 2024 Google imewalazimisha wote wanaopeleka zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail watimize yote matatu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, ilikwisha kukataza kujifanya mtu mwingine na kumsumbua mtu kwa ujumbe asiouomba. Ila sheria humwadhibu anayekamatwa, na jina la uongo limetungwa ili asikamatwe.

Hata hivyo isnadi sahihi haifanyi matini kuwa ya kweli. Laghai aweza kununua anwani inayofanana na ya benki, akaisajili kwa halali, na barua yake ikapita mitihani yote mitatu. Na uko utungo usiohitaji jina hata kidogo. Watanzania wengi wameupokea katika simu zao: ile pesa tuma kwenye namba hii. Kwa ufundi waushinda waraka wa Sheikh Ahmad mara kumi. Hila yote imo katika neno ile, kionyeshi cha kitu kilichokwisha kutajwa. Msomaji akikutana nacho hujitafutia mwenyewe mazungumzo ambayo hayakuwapo: karo ya mtoto, kodi ya nyumba, deni la dukani. Mtumaji hakughushi jina. Msomaji ndiye anayempa.

Hapo ndipo njwiywila ya Kipatimu inaporudi mezani. Isnadi yake ilikuwa safi, mdomo kwa sikio, kutoka Ngarambe hata Umatumbi, na kumbukumbu za wazee zilizochapishwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968 bado zataja pesa moja iliyotolewa kwa kuisikia. Matini yake ilikuwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La dhuluma ya maakida na pamba ya kulazimishwa lilikuwa kweli tupu, na wasikilizaji walikuwa na ushahidi wake migongoni mwao. La maji yanayogeuza risasi halikuwa na shahidi, mpaka watu waliposimama mbele ya bunduki.