Kusoma Kichwa cha Mtoto

Mtoto akigongwa na bodaboda pale Ilomba, ambako malori ya Tunduma hupishana na bajaji na wanafunzi wanaovuka barabara kuu, macho ya watu wote hukimbilia damu iliyomwagika. Msomaji wa picha za CT scan, kilomita chache tu kutoka hapo, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hutafuta ile isiyomwagika. Naihusudu kazi yake.

Picha yenyewe ni kijivu kitupu. Kila kitu ndani yake kina namba: maji sifuri, hewa hasi 1,000, ubongo thelathini na kitu, damu mbichi 60 hivi. Kipimo hicho kina jina la Hounsfield, Mwingereza aliyegawana Nobeli ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuupigia hesabu upigaji huu wa picha akiwa Cape Town. Afrika imo tangu mwanzo, ila hatujisifu.

Msomaji huanza na mfupa, na hapo wanagenzi hujikwaa. Fuvu la mtoto bado lina mishono, na mshono hufanana mno na ufa. Mjuzi haushangai ule mstari. Hugeukia upande wa pili kumtafuta pacha wake. Mshono una kingo za menomeno na mwenzake ng'ambo. Ufa umenyooka, hauna mwenzake, na mara nyingi nyama iliyo juu yake imevimba. Kisha damu: iliyotuna kama dengu imekaa nje ya utando mgumu wa ubongo, iliyojipinda ikatandaa imekaa ndani yake. Halafu hushuka hadi kwenye shina la ubongo, atazame nafasi za maji zinazolizunguka. Zikiwa zimezibika, ubongo umevimba, na daktari wa upasuaji apigiwe simu kabla ripoti haijaandikwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyojizuia. Mtoto anaweza kuwa hajitambui, alama zake 8 au chini kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow cha mwaka 1974, na picha ikaonekana karibu safi: nyuzi za ubongo zimekatika kwa mtikiso, na CT haizioni vizuri, MRI huona zaidi. Mwingine ana bonge la damu la kutisha, linatolewa mapema, anarudi kucheza. Kwa hiyo mzazi akiuliza kama mwanawe atapona, msomaji mzuri hatoi hukumu kwa picha peke yake. Lakini hauachi mchubuko mdogo wa sehemu ya mbele ya ubongo bila kuuandika, hata kama hauhitaji kisu. Sehemu hiyo ndiyo ya kupanga, kutulia na kujizuia, na kasoro yake huweza kujitokeza miaka baadaye, darasani, ajali imeshasahaulika na mwalimu anamwita mtoto mtukutu.