Udongo bila Ardhi: Kwame wa Captain Planet Asomwapo Landless, Thika

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajazipa katuni za televisheni nafasi ya haja. Aghalabu zimechukuliwa kuwa mchezo wa watoto, au masalia ya utamaduni wa kigeni yasiyostahili wino. Msimamo huu una kasoro moja kubwa. Mtoto aliyelelewa mjini katika miongo minne iliyopita huenda alikutana na jagina wa katuni mapema kuliko alivyokutana na Fumo Liyongo, na kwa hakika alikutana naye mara nyingi zaidi. Makala hii inakusudia kuuhakiki mfululizo mmoja wa katuni, Captain Planet and the Planeteers, kwa uzito ule ule tunaoutumia kuhakiki ngano na riwaya, na kufanya hivyo kutoka mahali maalumu: mtaa wa Landless, Thika, kando ya barabara iendayo Garissa. Mahali hapa pamechaguliwa kwa makusudi. Jina la mtaa ni la Kiingereza na maana yake ni "wasio na ardhi"; nao mfululizo tunaouhakiki unamkabidhi kijana wa Kiafrika uwezo uitwao, kwa Kiingereza hicho hicho, Earth.

Mfululizo huu ulibuniwa na Ted Turner, mwasisi wa CNN, akishirikiana na Barbara Pyle na Robert Larkin III. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 15 Septemba 1990 na kukamilika mwaka 1996, vipindi 113 kwa jumla. Msuko wake ni mwepesi. Gaia, roho ya dunia, anaamka usingizini na kukuta binadamu wameiharibu sayari. Anatuma pete tano kwa vijana watano wa pembe mbalimbali: Kwame wa Afrika, Wheeler wa Amerika Kaskazini mwenye moto, Linka wa Muungano wa Kisovieti mwenye upepo, Gi wa Asia mwenye maji, na Ma-Ti wa Amerika Kusini mwenye moyo. Shida ikiwazidi huunganisha nguvu zao, naye Captain Planet hutokea, ngozi yake ya buluu na nywele za kijani, akamshinda adui na kutoweka. Sumu na uchafu ndivyo vinavyomdhoofisha.

Kwa mtazamaji aliyelelewa katika hekaya za pwani, hakuna kigeni hapa. Pete ya Nabii Suleimani na jini wa Alfu Lela Ulela ni mambo ya siku nyingi, na Captain Planet ni jini katika kila kipengele cha muundo: haishi mahali, huitwa kwa pete, hutenda, hurudi. Tofauti iko katika ombi. Mwenye pete katika hekaya huomba kitu: kasri, bustani, binti wa mfalme. Anaomba kumiliki. Vijana watano hawaombi chochote kwa ajili yao, na hapo mfululizo unajiona mwadilifu kuliko hekaya. Lakini kuna sharti jingine ambalo watazamaji wengi hulipita haraka. Captain Planet anapokuwapo, pete za vijana huwa hazina nguvu. Uwezo wote umehamia kwake. Mwishoni mwa kipindi huwaambia watoto kwamba uwezo ni wao, ilhali dakika chache zilizopita tumeona kwamba uwezo huo ulifanya kazi kubwa baada tu ya kuwatoka. Hiki ni kinaya ambacho, kwa maoni yetu, watayarishaji hawakukikusudia.

Tuje kwenye neno lenyewe. Katika Earth, Kiingereza kimefumbata maana ambazo Kiswahili kimezitenganisha. Kuna dunia, yaani sayari pamoja na walimwengu na mambo yao. Kuna udongo, kile kinachoshikika mkononi, kinachofinyangwa chungu na kukandikwa ukutani. Na kuna ardhi, ambayo hupimwa, hurithiwa, huuzwa, hunyang'anywa na kuandikiwa hati. Makao ya wizara inayohusika jijini Nairobi yanaitwa Ardhi House. Lau yangeitwa jumba la udongo, watu wangecheka, na kicheko hicho ndicho kipimo cha umbali uliopo baina ya maneno haya mawili. Mfasiri wa Captain Planet hana budi kuchagua. Dunia haimfai Kwame kwa kuwa hiyo ni himaya ya Gaia. Ardhi inavutia, lakini matendo ya Kwame yanaikataa: kwa pete yake hutikisa nchi kavu, huinua miamba, hufukua mashimo na kusimamisha kuta za kumzuia adui. Huo ni uwezo juu ya mata. Hauulizi shamba ni la nani, wala nani alikuwapo kabla ya seng'enge. Kwame amepewa udongo.

Ukosefu huu wa ardhi unathibitishwa na jiografia ya mfululizo. Wheeler ana mtaa unaotajwa, Brooklyn. Linka ana dola, na dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991 utangulizi ulirekebishwa ili atoke Ulaya ya Mashariki. Historia ilipobadilika, katuni ilijua kwamba imebadilika. Kwame anatoka Afrika, basi. Jina lake ni la Kiakan, hupewa mvulana aliyezaliwa Jumamosi. Kwa hiyo siku aliyozaliwa tunaijua, nchi aliyozaliwa utangulizi hauitaji. Sauti yake iliigizwa na LeVar Burton, yule yule aliyemwigiza Kunta Kinte katika Roots mwaka 1977. Hata Kunta Kinte, aliyetekwa na kuvushwa bahari, alikuwa na kijiji chenye jina, Juffure. Ajabu ni kwamba mateka anatajiwa kwao na jagina huru, katika utangulizi, hatajiwi.

Haki itendeke hata hivyo. Ukimlinganisha na Waafrika wa filamu za Tarzan, Kwame ni hatua kubwa. Ni mwenye busara, hana papara, na mara nyingi ndiye anayewaongoza wenzake. Mtoto mweusi aliyemwona kwenye skrini mwanzoni mwa miaka ya 1990 alimwona kijana mwenye rangi yake akisikilizwa. Hatudharau jambo hilo. Tunachohoji ni gharama yake: amepewa heshima kwa sharti kwamba asiwe na madai.

Madai ya namna gani? Thika inatosha kujibu. Kabla ya Captain Planet, mji huu ulikuwa tayari umefika kwenye televisheni za ulimwengu. Mwaka 1981 kampuni ya Thames ya Uingereza ilionyesha tamthilia iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, The Flame Trees of Thika, ambamo walowezi wanafika na kuanza shamba kana kwamba mahali hapo palikuwa pakiwasubiri. Yaliyofuata katika historia yanajulikana: mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na mananasi, vijiji vya kulazimishwa wakati wa Hali ya Hatari, Mpango wa Swynnerton wa 1954, ulioimarisha umiliki wa mtu binafsi na kuwaacha ahoi, waliokuwa wakilima kwa ridhaa ya wenye ardhi, bila pa kusimama. Jina la Landless halihitaji tanbihi kwa anayeijua historia hiyo. Ni nadra mtaa kubeba jina ambalo ni shitaka.

Tofauti baina ya udongo na ardhi inadhihirika zaidi tunapowaangalia maadui. Captain Planet imewapa majina yanayojitangaza: Looten Plunder ni uporaji mtupu, Hoggish Greedly ni ulafi wa nguruwe, na sura zao zinamweleza hata mtoto asiyejua Kiingereza. Mbinu hii haina ubaya wowote kisanaa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliitumia miaka kumi kabla, katika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Humo wezi na wanyang'anyi wanashindana jukwaani mle pangoni Ilmorog kwa kujisifia wizi wao, nao pia wana majina na maumbile ya tashtiti. Lakini tazama tofauti. Gĩtutu wa Gataangũrũ alitajirika kwa kununua mashamba kwa mikopo na kuyauza vipande vipande. Na ndoto yake kuu ni siku ambapo udongo utatiwa katika vyombo vidogo na kuuziwa makabwela, na hata hewa ifanyiwe vivyo hivyo. Katika taswira hiyo moja udongo umegeuka ardhi mbele ya macho yetu. Tunaona njia yote, kutoka benki hadi kwenye chombo. Gĩtutu ana historia, ana wateja, ana wasikilizaji wanaompigia makofi. Looten Plunder ana tamaa tu. Tamaa ya namna hiyo, isiyo na sheria wala soko nyuma yake, hushindwa kwa ngumi, na ndiyo maana dakika ishirini na kitu zinatosha.

Nje ya sanaa, mapambano ya Kenya ya miaka hiyo hiyo yalikwenda vingine. Mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya Gaia kuamka, Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi. Maadui wa Karura hawakuwa na pua ya nguruwe. Walikuwa na barua za ugawaji. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilipochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilichunguza karatasi: nani alitia sahihi, nani alipewa, nani aliuza. Na Katiba ya 2010 ikaviweka viwili hivi pamoja, Sura ya Tano ikaitwa Ardhi na Mazingira. Kenya ilihitaji muda mrefu na majeraha mengi kufikia kiunganishi hicho "na". Captain Planet inashughulikia upande mmoja wake tu, na pengo hilo ndilo makala hii inalolihoji.

Ariel Dorfman na Armand Mattelart, katika kitabu chao cha 1971 juu ya bata Donald, walionyesha kwamba katika ulimwengu wa Disney hakuna anayezalisha mali. Mali ipo tu. Hoja yao inatufaa kwa nusu. Katika Captain Planet viwanda vipo, tena vingi, lakini wafanyakazi wanakuwa vivuli. Adui huchafua mto karibu kwa furaha ya kuuchafua. Thika ni mji wa viwanda vya nguo, ngozi na vyakula, na mito yake miwili, Chania na Thika, inayajua maji yatokayo viwandani. Mtoto wa Landless anayetazama bomba la moshi likivunjwa na shujaa wa buluu ana haki ya kujiuliza mzazi wake ataamkia wapi kesho yake. Anayeishi kwa kibarua kwa kuwa hana shamba hawezi kuutenganisha uchafu wa mto na swali la shamba. Mfululizo unamtaka autenganishe.

Huenda msomaji akapinga kwamba tunadai mno kutoka kwa katuni, na kwamba mtoto wa miaka minane hawezi kubebeshwa sheria ya ardhi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu lau mfululizo wenyewe ungekuwa na woga wa mambo mazito. Hauna. Mwaka 1992 ulitoa kipindi juu ya virusi vya UKIMWI, ambamo Verminous Skumm anaeneza uvumi ili kijana mwenye virusi atengwe. Ni kazi ya ujasiri, na wakati huo jambo hilo lilizungumzwa kwa kunong'ona katika nyumba nyingi za Kenya. Mwaka huo huo kipindi kingine kilikwenda hadi Belfast, katikati ya ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti. Uwezo wa kugusa siasa ulikuwapo. Ila hata Belfast, ugomvi unaelezwa kuwa ni chuki, na dawa yake kuwa ni kuiacha chuki. Nani alipewa mashamba ya nani, na kwa amri ya mfalme yupi, hayo yanabaki nje ya skrini. Kwa hiyo ukimya juu ya ardhi hautokani na umri wa mtazamaji. Ni mpaka wa itikadi.

Katuni za Kiafrika zilizofuata zinastahili makala yao, nasi tutagusa moja tu. Super Sema, mfululizo uliotengenezwa Kenya na kuanza kuonyeshwa Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, una msichana aitwaye Sema na pacha wake MB. Wanakilinda kijiji chao dhidi ya Tobor, mtawala asiye na moyo, ambaye jina lake ni neno robot lililosomwa kinyumenyume. Lugha imerudi nyumbani, na jina la jagina ni kitenzi cha kuamrisha kinachomtaka mtoto atoe sauti. Kijiji kinaitwa Dunia. Kati ya yale maneno matatu, basi, katuni ya 1990 ilichukua udongo na ile ya 2021 ikachukua dunia.

Captain Planet ingali inangoja kuhakikiwa kwa Kiswahili kikamilifu, na pengine njia nzuri ya kuanza ni kuitafsiri. Tungependa kuona mwanafunzi akichukua vipindi vya msimu wa kwanza na kumpa Kwame neno ardhi kila anapoinua pete yake, bila kulegeza. Tunashuku kwamba matukio mengi yatalikataa neno hilo. Orodha ya matukio hayo, moja baada ya jingine, pamoja na sababu ya kila kukataa, ingetosha kuwa tasnifu ya uzamili.