Kumbatio lile halikuwamo: kuhusu Fiddler on the Roof

Wengi wenu mnaijua filme yake ya 1971, ile ya Norman Jewison ambamo Topol anacheza baba Tevye. Kwa Kifaransa ni Un violon sur le toit. Mimi niliiona jukwaani, katika mji mdogo wa Michigan fasi ninasomea, ikichezwa na watu wa mtaa: fundi wa mabomba, mama mmoja wa benki, walimu, vijana wa sekondari. Hakuna anayelipwa. Nilifurahi karibu saa tatu nzima, kisha dakika moja ya mwisho ikaniharibia usiku.

Kwa wasioijua: muziki ni wa Jerry Bock, maneno ya nyimbo ya Sheldon Harnick, maandishi ya Joseph Stein. Ilianza Broadway 1964 ikachezwa mara zaidi ya 3,000. Chanzo ni hadithi ambazo Sholem Aleichem alianza kuandika 1894 kwa Kiyidi. (Watu wa Lubumbashi, msichanganye: Wayahudi wa sinagogi yenu wengi walitoka kisiwa cha Rhodes na Kihispania chao cha zamani. Hawa ni wengine.) Tuko kijiji cha Anatevka, 1905, Urusi ya mfalme. Tevye anauza maziwa, ni maskini, ana mabinti watano.

Watatu wanataka kuolewa. Tzeitel anamkataa tajiri muuza nyama, rika ya baba yake. Anamtaka Motel, fundi wa kushona asiye na hata mashini. Hodel anamfuata Perchik, mwanafunzi wa mapinduzi, mpaka Siberia alikofungwa, na hao hawaombi ruhusa, wanaomba baraka tu. Kila mara Tevye anaongea na Mungu wake, anapima upande huu, upande ule, mwisho anakubali. Fundi wetu wa mabomba alipima kwa mikono miwili kama mtu anayeuza nyanya sokoni, watu wakacheka. Kisha Chava akaolewa na Fyedka, Mrusi Mkristo. Mikono ikapanda tena, na mara hii upande wa pili haukuwa na kitu. Ikabaki hewani. Ukumbi kimya. Pale nikasema: huyu bwana ni mchezaji kweli.

Mengine mengi yalikuwa sawa. Ile dansi ya chupa juu ya kofia, ya Jerome Robbins, vijana waliicheza na chupa zisizofungwa kitu. Ya mmoja ilianguka, akaiokota, akatoka kwenye mstari bila aibu. Sauti nyingine zilikuwa za kanisani zaidi kuliko za jukwaani, haidhuru. Na amri ilipokuja kwamba Wayahudi wana siku tatu za kuhama, yule mama wa benki, aliyecheza Golde, alifagia nyumba anayoiacha, polepole, kona kwa kona. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezewa ufagio ule.

Basi, dakika yenyewe. Chava na bwana yake wanakuja kuaga, nao wanahama, wanaenda Krakow. Tevye hageuki. Anafunga mizigo. Tzeitel ndiye anawaaga, na baba, kwa sauti ya chini, anamwekea Tzeitel neno la baraka mdomoni, naye analipitisha kwa ndugu yake. Ni hilo tu. Lakini huku Michigan Tevye aliacha mkokoteni, akakimbia, akamkumbatia binti. Orkestra ikapanda. Watu wakasimama wakilia. Mimi nilibaki nimekaa.

Kwa Sholem Aleichem, Chava anarudi kwa baba kisha kumwacha bwana yake, na mwandishi anatuachia sisi swali: wewe ungefanya nini? Stein na wenzake walibadilisha: binti anabaki na bwana yake, baba anatoa nusu neno. Nusu ile ndiyo kitu bora walichoongeza. Kumbatio linaifuta, na linaifuta pia ile mikono iliyobaki hewani, juu kama ilikuwa rahisi hivyo, alikuwa anapima nini?

Rafiki wa darasa akaniuliza: ulitaka watu warudi nyumbani na huzuni? Ndiyo.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu wa kabila ambalo baba alikataza. Miaka minne baba hakutaja jina lake. Lakini mama akipiga simu Butembo, baba alikuwa anapita karibu na kusema, kama anayeongea na ukuta: kule iko baridi, mtoto avae sweta. Mama anarudia kwenye simu: "Nasema mtoto avae sweta." Dada alijua maneno yametoka wapi. Yule baba wa Michigan alikuwa na mgongo wa kucheza kitu kama kile. Walimnyang'anya.