Vigae Vilivyopanga Nguzo: Usanifu wa Maktaba ya Muyinga, Burundi

Maktaba ya Muyinga, iliyokamilika mwaka 2012 katika mji mdogo wa nyanda za juu za kaskazini-mashariki mwa Burundi, ni jengo la mita za mraba 140 tu, lakini ni majengo machache ya umma yanayomwezesha mchambuzi kufuata uamuzi mmoja hadi mwingine kwa uwazi kama linavyofanya jengo hili. Lilisanifiwa na BC Architects, kikundi cha wasanifu majengo chenye makao yake Brussels, kwa ajili ya shirika la wenyeji liitwalo ODEDIM, nalo lilikusudiwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule ambamo watoto viziwi wangesoma pamoja na wenzao wanaosikia. Wasanifu walikabiliwa hivyo na mahitaji mawili yasiyolingana kwa urahisi, kwa kuwa jengo lilipaswa kujitegemea kama maktaba ya mji tangu siku lilipofunguliwa, na wakati huohuo liache mahali pa kuungana na madarasa ambayo yangejengwa baadaye. Ukilitazama juujuu, umbo lake la nguzo nyingi zilizosogeleana huonekana kuwa pambo. Ukweli ni kwamba umbo hilo lilitokana na uzito wa paa, na paa lenyewe lilitokana na swali la nini kinachopatikana karibu na Muyinga.

Kabla ya ramani kuchorwa, ulifanyika utafiti wa miezi miwili katika eneo hilo na mikoa jirani, ili kujua wenyeji hujenga kwa vitu gani, kwa mbinu zipi na kwa mpangilio gani wa nyumba. Udongo ndio uliochunguzwa kwa makini zaidi, kwanza kwa majaribio mepesi ya uwanjani, kisha kwa vipimo vya kimaabara. Lengo la vipimo vya aina hii ni kujua uwiano wa mchanga, vumbi laini na mfinyanzi uliomo, kwa sababu mchanga ndio unaolipa tofali nguvu ya kustahimili mgandamizo, mfinyanzi ndio unaoshikamanisha chembe, na mfinyanzi ukizidi tofali hupasuka linapokauka. Udongo uliopatikana ulifaa kwa matofali ya kushindiliwa, yaani matofali mabichi yanayofyatuliwa kwa mashine kutokana na udongo wenye unyevu kidogo tu, ambayo hukaushwa bila kuchomwa na kwa hiyo hayahitaji kuni hata kidogo.

Mashine zenyewe zilikuwa tayari nchini. Mashine mbili za aina ya Terstaram, zilizotengenezwa Ubelgiji na kuachwa na miradi iliyotangulia, zilikutwa zimefunikwa na vumbi, zikasafishwa na kurudishwa kazini, na watu wanne wakawa wanafyatua matofali ya sentimita 29 kwa 14 kwa 9, wakifikia hadi 1,100 kwa siku. Tofali la ukubwa huo, likishindiliwa sawasawa, huwa na uzito wa kilo 7 hivi, hivyo siku ambayo kazi ilikwenda vizuri ilipitisha zaidi ya tani 7 za udongo katika mikono ya watu hao. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba kujenga kwa udongo ni njia rahisi: malighafi ni nafuu, lakini kazi ni nzito, na mradi usioitengea kazi hiyo muda na malipo yanayostahili utakwama mapema.

Uamuzi wa paa ndio uliopanga mengine yote. Mabati ya kuagizwa ni mepesi, huezekwa haraka na hayahitaji kenchi nzito, na hiyo ndiyo sababu yameenea karibu kila mahali katika ukanda huu. Wasanifu, hata hivyo, walichagua vigae vya udongo wa kuchoma vilivyotengenezwa katika karakana iliyo umbali usiozidi kilomita 3 kutoka kiwanjani, kwa mfinyanzi wa bonde la Nyamaso. Mita ya mraba moja ya vigae vya namna hii kwa kawaida huzidi kilo 40, ilhali bati jembamba la eneo hilohilo halifiki kilo 5, na uzito huo wote sharti uteremshwe hadi ardhini na kitu fulani. Ukuta wa tofali bichi hubeba vizuri mzigo unaoukandamiza moja kwa moja kutoka juu, lakini ni dhaifu dhidi ya msukumo wa pembeni, hasa ukiwa mrefu. Suluhisho likawa kuzigawa kenchi zikae karibukaribu, kila moja juu ya nguzo yake, kwa umbali wa mita 1.30 kutoka nguzo hadi nguzo, na nguzo hizohizo zikatumika pia kama mategemeo ya kuta, yaani zimetokeza nje ya ukuta ili kuuzuia usiyumbe wala kulala. Hivyo kila nguzo hubeba ukanda mwembamba tu wa paa, na mpangilio wa kurudiarudia unaoonekana kwa nje na kwa ndani ni hesabu ya uzito iliyoachwa wazi ionekane.

Mbao za kenchi zilikuwa za mikaratusi ya hapohapo, ambazo ziliachwa zikauke kwa miezi mitano kabla ya kutumiwa, kwa kuwa mkaratusi mbichi hujipinda na kupasuka ukishafungwa chini ya vigae. Mti huu hukua upya baada ya miaka mitano hadi saba, jambo linaloufanya uonekane kuwa jibu la tatizo la mbao, ingawa pia huongeza asidi katika udongo na kuzuia mimea mingine kustawi, na kwa hiyo unafaa pale tu ambapo msitu unasimamiwa kwa nidhamu. Chini ya kenchi kuna dari ya mianzi iliyosukwa. Paa lina mteremko wa asilimia 35, maana yake linashuka sentimita 35 kwa kila mita moja ya kwenda mbele, na upenu wake umerefushwa kusudi, kwa sababu adui mkubwa wa tofali bichi ni mvua inayopiga ukuta kwa mshazari na matone yanayoruka kutoka chini. Kwa jengo la aina hii upenu una umuhimu sawa na msingi, na anayeufupisha ili kubana matumizi atalipa fidia kwa kuukarabati ukuta kila baada ya masika. Plasta ya kuta nayo ilitokana na mfinyanzi wa Nyamaso. Michanganyiko 15 ilijaribiwa kabla ya mmoja kukubalika, na sehemu zinazoguswa au kulowa zaidi zikapakwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hupenya na kuufanya uso usinyonye maji upesi.

Hewa na mwanga vilitatuliwa kwa pamoja. Chumba kimeinuliwa juu ili hewa yenye joto na unyevu ipande mbali na wasomaji, na kuta zimeachiwa matundu yanayofuata mpangilio wa matofali, tofali hapa na nafasi pale, hivyo upepo hupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kutegemea umeme. Inafaa kulinganisha na maktaba ya Gando nchini Burkina Faso, kazi ya Diébédo Francis Kéré, ambako vyungu vya udongo vilivyokatwa vilipangwa darini kabla ya zege kumwagwa, vikaacha matundu ya mviringo yanayoingiza mwanga kutoka juu. Njia ya Gando huleta mwanga katikati ya chumba, mahali ambapo madirisha ya pembeni hayafiki. Njia ya Muyinga ni rahisi zaidi kwa fundi wa kawaida, kwa kuwa haihitaji zege la paa, lakini ina gharama yake. Tundu lisiloweza kufungwa huruhusu vumbi la kiangazi na unyevu wa masika viyafikie makaratasi, na maktaba yoyote inayofuata mfano huu inapaswa kuziweka rafu mbali na matundu na kumpangia mtu kazi ya kufuta vitabu mara kwa mara.

Mafanikio makubwa zaidi ya mpangilio wa jengo ni baraza. Katika nyumba za jadi za Burundi, sehemu iliyoezekwa mbele ya vyumba ndipo watu wanapopumzika, wanapongoja mvua ipite na kuzungumza, na wasanifu waliichukua sehemu hiyo wakaipanua kupita kiasi cha kawaida, ikaenda sambamba na urefu wote wa maktaba. Kati ya nguzo kuna milango inayopitisha mwanga, ambayo ikifunguliwa yote chumba cha kusomea na baraza huwa eneo moja linalotazama uwanja na mabonde yaliyo mbele yake. Kwa mtoto kiziwi uwazi huu una faida ya pekee, kwa sababu mawasiliano yake yanategemea kumwona mwenzake, na mahali ambapo mtu aliye nje anaweza kumpungia mkono aliye ndani panamfaa kuliko chumba kilichozungushiwa kuta tupu. Ncha moja ya baraza inaishia barabarani, ambako vipazia vya mbao vikifunguliwa mpita njia hujua kwamba maktaba inafanya kazi. Ncha ya pili iliachwa iwe njia kuu ya kuingilia shule ambayo ingejengwa baadaye. Hapo ndipo yale mahitaji mawili ya mwanzo yalipopatanishwa, kwa kipengele ambacho wenyeji hawakuhitaji kufundishwa namna ya kukitumia.

Ukuta wa uzio ulijadiliwa pamoja na wananchi, maana mipaka ya boma ni jambo zito katika ujenzi wa Burundi na jengo lisilo na uzio lingeonekana halina mwenyewe. Kiwanja kina mteremko, kwa hiyo ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji ulifanywa pia uzuie udongo wa matuta: ni mrefu upande wa barabarani kwa usalama, na mfupi upande wa viwanja vya kuchezea ili bonde lisizibwe.

Upande wa barabarani chumba kina kimo cha ghorofa mbili, na katika nafasi hiyo ya juu umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge, ambamo watoto hujilaza na vitabu vyao, ukiwa juu ya pembe ya mbao ya kukalia wanaposomewa darasa zima. Nyuzi zililetwa kutoka mashamba yaliyo karibu na Ziwa Tanganyika, na walitafutwa mkoani wazee wanne waliokuwa bado wanajua kusokota kamba; mmoja wao akawafundisha vibarua wanne, ambao ndio walioufuma wavu palepale kiwanjani.

Linalobaki ni zege, ambalo wapenzi wa ujenzi wa udongo hupenda kulipita kimya. Mhandisi wa Ubelgiji aliyeombwa ushauri alihitimisha kwamba ndani ya nguzo za matofali lazima uwepo mfupa mwembamba wa zege lenye nondo, na hitimisho hilo ni la busara kwa jengo la umma lenye paa zito, katika nchi iliyo kwenye Bonde la Ufa ambako matetemeko husikika. Matofali ya nguzo yalifyatuliwa kwa kalibu maalumu ili yawe na uwazi katikati, yakapangwa, kisha zege likamwagwa ndani yake, yakachukua nafasi ya mbao ambazo kwa kawaida hulishikilia zege hadi ligande. Mbao ziliokolewa na zege likapunguzwa, tena zege na matofali viliachwa visigandamane kabisa, ili siku jengo litakapobomolewa matofali yaweze kutumika tena. Anayetaka kuirudia mbinu hii mahali pengine atapaswa kuwa na kalibu hiyo kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa, na kuhesabu matofali ya nguzo mbali na yale ya ukuta, kwa sababu tofali bichi la kawaida haliwezi kutobolewa baadaye bila kudhoofika.