Bildi ya Umeme

Mabaharia wa pwani hii walikuwa na kifaa kiitwacho bildi: kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Nahodha akifika kwenye maji asiyoyaamini, baharia mmoja alisimama omoni, akaishusha bildi hadi chini, akahesabu pima, akapaza sauti. Chombo kizima kilinyamaza kumsikiliza. Nimeianza habari yangu na bildi kwa sababu nataka kuusifu ufundi wa kukarabati osiloskopu ndogo ya mkononi, ile ya bei nafuu, na katika vyombo vyote vya wazee wetu sijaona kinachofanana nayo zaidi.

Kazi yangu ni redio, sabufa, ving'amuzi na inveta, hapa Mtanda, Lindi mjini. Kwa miaka mingi nilikuwa na mita peke yake. Mita ni chombo kizuri, ila hujibu kwa namba moja. Ni kama mgeni akuulize kina cha ghuba yetu, nawe umjibu "mita tatu" bila kumwambia kama maji yamejaa au yamekupwa, kama ni bamvua au maji mafu. Umeme nao hujaa na kupwa. Ule wa ukutani hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Osiloskopu haikupi namba ya wastani. Inakuchorea kujaa na kupwa kwenyewe, wakati ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, na volti zikipanda na kushuka.

Nilijua thamani yake siku bibi mmoja wa mtaani aliponiletea sabufa kwa mara ya tatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, si ulishaitengeneza hii? Mbona bado inakoroma?" Kweli ilikuwa inakoroma. Nilikuwa nimeshabadilisha aisii ya amplifaya, na kwenye mita volti zilisoma vizuri. Safari hii nikagusisha ncha ya osiloskopu kwenye njia ya umeme iliyotoka kwenye kapasita kubwa. Pale palipopaswa kuwa na mstari ulionyooka niliona matuta, yamepangana, na kutoka tuta moja hadi jingine ni milisekunde 10. Kwa fundi, nafasi hiyo inazungumza. Mzunguko mmoja wa umeme wa ukutani huchukua milisekunde 20. Daraja la daiodi huchukua nusu ya chini na kuigeuza juu, kwa hiyo matuta hupatikana 100 kwa sekunde badala ya 50. Ningeona tuta moja kila milisekunde 20 ningeshuku kwamba upande mmoja wa daraja umekufa. Kwa milisekunde 10 daraja ni zima, na mgonjwa ni kapasita ya kuchuja, iliyokauka ndani huku nje inang'aa kama mpya. Nikaibadilisha. Mkoromo ukakata. Pesa ya aisii nilimrudishia bibi, maana aisii haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Chombo hiki kina asili yake. Mwaka 1897, mjini Strasbourg, Karl Ferdinand Braun alitengeneza tyubu ya kioo ambamo mwale wa elektroni ulisukumwa huku na huku ukachora umbo la umeme, na osiloskopu zilizofuata zilitoka humo. Mwaka 1909 aligawana na Marconi Tuzo ya Nobel ya fizikia, kwa kazi zao za simu ya upepo. Mwaka huohuo, huku kwetu, Wajerumani walianza kuchimba Tendaguru, na wapagazi wakaanza kubeba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa hadi leo. Kwa hiyo sayansi ilipita mji huu ikiwa mzigo vichwani mwa watu wetu, ikaenda kufunguliwa kwingine. Nikiketi Mtanda na osiloskopu imefunguliwa juu ya meza yangu, silisahau hilo. Ninaifungua kwa adabu.

Yangu ni ya Kichina, kioo cha inchi 2.4, yenye kutosha kiganjani. Inachukua sampuli milioni moja kwa sekunde, na inaona vizuri mawimbi hadi kilohezi 200 tu. Sauti yote anayoisikia binadamu huishia kwenye kilohezi 20, basi kwa sabufa inatosha na kubaki. Kwa redio ya FM haifai hata kidogo. Stesheni ziko kwenye megahezi 88 hadi 108.

Mwisho wa msimu mmoja wa kusi, ikafa. Yaani iliwaka, lakini mstari ulikwea hadi ukingo wa juu wa kioo ukakwama huko, ukigusa usiguse. Fundi mwenye haraka hapo angesema sehemu ya kuingizia imeungua, akatupa bodi. Mimi nilianza na chakula chake. Saketi ya mbele ya kipimo cha namna hii huhitaji volti chanya 5 na volti hasi 5, kwa kuwa wimbi hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Chanya ilikuwepo. Hasi ilikuwa sifuri nukta tatu. Adapta yake haitoi volti hasi. Huzalishwa ndani na koili ndogo inayowashwa na kuzimwa na transista. Nikaishika miwani ya kukuzia, na kwenye mguu wa koili nikaona ukungu wa kijani, mwembamba kama ule wa kwenye ndoano ya zamani. Upepo wa bahari ulikuwa umeleta chumvi, chumvi ikavuta unyevu, unyevu ukala shaba. Nilisugua kwa mswaki na spiriti, nikakausha juani, nikalehemu upya, kisha nikapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya bodi yote isipokuwa kwenye soketi na vitufe. Mstari ukashuka katikati ya kioo, ukatulia.

Kilichofuata kilinifunza zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Kipimo kilitaka volti 9 kutoka kwenye adapta ya ukutani, nami nilitaka kiwe cha betri. Sababu kubwa ni usalama: kipimo kikiwa kimeunganishwa na ukuta, klipu yake nyeusi inaweza kubeba njia usiyoitarajia, na ukiipachika pabaya ndani ya inveta unaunguza kazi na unaweza kujiua. Nikaweka seli moja ya lithiamu kutoka kwenye betri ya laptopu iliyokufa, na kibodi kidogo cha kupandisha volti. Kikawaka. Lakini mstari uliokuwa safi ukaota manyoya, na ndani ya manyoya kulikuwa na wimbi zuri, lenye umbo, ambalo halikutoka popote nilipogusa.

Lilikuwa wimbi la uongo. Kibodi cha kupandisha volti hujiwasha na kujizima mara milioni 1.2 kwa sekunde, na kipimo changu hutazama mara milioni moja tu. Anayetazama polepole kuliko kitu kinavyokwenda hukiona kitu kingine, kama gurudumu la gari kwenye sinema linaloonekana kurudi nyuma. Mtihani wake ni mmoja na kila mwenye kipimo kidogo aujue: badilisha kasi ya muda kwenye kioo. Wimbi la kweli litabanana au litatanuka, ila masafa yake ukiyahesabu ni yaleyale. La uongo hubadilika masafa, maana limezaliwa na kutazama kwenyewe. Nililitibu kwa koili ya feraiti kutoka kwenye chaja mbovu, kapasita mbili, na kipande cha bati la kopo la maziwa kilichounganishwa na graundi ya bodi. Wakati huo ndipo nilipoanza kukiamini kipimo hiki, kwa sababu nilikuwa nimekishika kikidanganya na nikajua kinadanganya vipi. Kuna osiloskopu za mamilioni ya shilingi ambazo wenye nazo hawajawahi kuuona uongo wake.

Limebaki jambo la pembe. Kipimo hutoa wimbi lake la mraba la kilohezi 1, ili ukijaribie chenyewe. Ukiona pembe za mraba zimeinama kama mabega ya mtu aliyechoka, au zimechomoza kama pembe za mbuzi, basi ncha na kipimo havijapatana, na kila utakachopima kitapinda vivyo hivyo. Dawa ni kuzungusha kapasita ndogo ya kurekebisha, chini ya robo ya mzunguko. Bisibisi ya chuma haifai. Ukiisogeza tu pembe zinabadilika, ukiiondoa zinabadilika tena. Nilijaribu njiti ya chelewa, ikavunjika. Kisha mchongaji mmoja akanipa kibanzi cha mpingo, mti uleule ambao Ulaya wanautengenezea klarineti. Nikauchonga kwa wembe na msasa hadi ukawa ulimi mwembamba wa milimita mbili. Haupitishi umeme, haupindi, na makali yake hayajalegea hadi leo.

Kijana anayejifunza kwangu sasa nampa kipimo asubuhi kikiwa nimekivuruga makusudi. Simwambii nimegusa nini. Anaunganisha ncha kwenye wimbi la mraba, anachukua kile kijiti cheusi, anakipuliza vumbi, kisha anainama. Mtaani watu wanapita na ndoo, pikipiki zinapiga honi, sabufa ya bibi inasikika kutoka barazani kwake, safi. Pembe ya kushoto inashuka kidogo. Inapita, anairudisha. Anashikilia pumzi.

"Zimenyooka, fundi?"

"Ondoa mkono kwanza, halafu utazame."