Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, alifika katika ikulu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Miongoni mwa vitu alivyoviona humo walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Aliandika kwamba wametengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili mfalme apate cha kujifurahisha. Sentensi moja tu, kisha akaendelea na habari nyingine. Kwa mengi aliyoyaandika kuhusu Karagwe sina ugomvi naye, lakini kwa hili la ng'ombe sikubali, na sababu zangu zimo ndani ya kazi yenyewe.

Kafuro kilikuwa kituo cha wafanyabiashara, jirani na makao ya mfalme huko Bweranyange. Njia iliyofika hapo ilianzia pwani, ikapitia Unyanyembe, ikapanda kaskazini hadi kwenye vilima hivi ambavyo leo vimegawanywa kati ya wilaya za Karagwe na Kyerwa. Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na maskani yake Tabora, alikuwa mmoja wa waliotangulia kuifungua. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro mwenyeji mwingine, Hamed bin Ibrahim. Hawa walikuwa watu wa pembe za ndovu. Walijua mizani, walijua majora na shanga, walijua mtawala gani anapenda rangi gani. Yawezekana katika misafara yao alikuwamo fundi wa bunduki, na yawezekana fundi huyo aliwahi kushika nyundo mbele ya mfalme. Lakini mtu wa pwani akiambiwa afue ng'ombe, atafua yule aliyemzoea: mwenye nundu mgongoni na pembe fupi.

Ng'ombe wa Karagwe si huyo. Mwili wake ni pande jembamba la chuma, miguu minne imesimama wima, na juu zimepaa pembe ndefu kupita kiasi. Fundi hakuhangaika na macho wala pua. Alichokitaka ni pembe, kwa sababu mfugaji wa Kihima alimpima ng'ombe wake kwa pembe kwanza, mengine baadaye. Stanley naye aliorodhesha ng'ombe kumi wa shaba ambao alisema hawana vichwa. Nadhani alikuwa akitafuta uso pale ambapo mhunzi aliona uso si kitu, shingo ikapita moja kwa moja hadi kwenye pembe. Na kwenye habari ileile ya ng'ombe, Speke alitaja vitu vya shaba alivyovifananisha na nanga ndogo. Vyombo vya enzi vya Karagwe vina vyuma vingi vyenye ncha zilizotawanyika, na sishangai kwamba mtu wa taifa la mabaharia aliviona akakumbuka jahazi.

Pembe ndiyo mtihani wa mhunzi. Kuifua fito ya chuma iwe nyembamba kuelekea ncha hakuhitaji nguvu, kunahitaji saburi: piga, geuza robo, piga, geuza, rudisha motoni. Ncha ikishakuwa nyembamba hushika moto upesi kuliko shina lake. Mvuta viriba akizidisha kidogo, ncha inaanza kurusha cheche nyeupe na kuungua, na kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Akifanikiwa, amepata pembe moja. Sasa aifue ya pili, urefu uleule, unene uleule, na aipinde kwa mkunjo uleule kuelekea upande wa pili, bila kalibu ya kumwongoza. Jicho la mtu husamehe miguu isiyolingana. Pembe zisizolingana huziona toka mlangoni.

Nyundo aliyoitumia haikuwa hii ya dukani yenye mpini wa mti. Wahunzi wa nchi za maziwa makuu walitumia pande zito la chuma, nene upande mmoja na jembamba upande wa kushikia, na likisimikwa ardhini linageuka fuawe. Chombo hicho kilipewa heshima kiasi cha kuingia katika hazina ya wafalme. Miongoni mwa vitu vya enzi vya Karagwe zimo nyundo za namna hiyo ambazo hazikufuliwa ili zipige chochote. Zilifuliwa ili ziwepo, watu wajue utawala umekaa mikononi mwa nani. Simulizi za Karagwe humtaja Ndagara, babaye Rumanyika, kuwa mfalme aliyejua uhunzi. Mahali ambapo mfalme mwenyewe anasifiwa kwa kazi ya kiwandani, kusema kwamba ng'ombe wake wamefuliwa na wageni kunahitaji ushahidi zaidi ya sentensi moja.

Chuma chenyewe kilitoka kwenye udongo wa nchi hii. Upande wa Buhaya, katika miaka ya 1970, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walijenga tanuri upya mbele ya mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu, wakapandisha juu yake ukuta wa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Mabomba ya udongo waliyaingiza ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ya viriba ilipata moto kabla haijaufikia mkaa. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha waliyoyaona katika jarida la Science: tanuri hizo zilitoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, na mabaki ya kazi ya jinsi hiyo katika eneo hilo yana umri wa zaidi ya miaka 1,500. Mimi nashangazwa zaidi na yale majani. Mtu wa kwanza kuyatia shimoni alijuaje? Yanapoungua polepole huacha kaboni iliyotawanyika, ikaingia ndani ya chuma kinapojijenga, na hakuna mzee aliyehitaji neno kaboni ili apate kiasi sahihi.

Shaba ilikuwa na habari nyingine. Nyingi ilikuja na misafara, ikiwa masango, zile nyaya nene zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Hapo ndipo mhunzi wa Karagwe alipokuwa na uamuzi wa kufanya. Angeweza kuiyeyusha yote akatengeneza vitu vya kung'aa tupu. Badala yake, katika mikuki ya mfalme, fito ilibaki ya chuma na waya wa shaba ukazungushwa juu yake. Kazi ya kuzungusha ni ndogo ukiitazama na ngumu ukiifanya. Waya lazima ulainishwe motoni kwanza, uvutwe ukiwa umekazwa, na kila mzunguko ulale ubavuni mwa ule uliotangulia bila kupanda juu yake wala kuacha upenyo. Mkono ukichoka katikati, inaonekana. Mikuki mingine ilikuwa na fito iliyosukwa kama mnyororo, pete ndani ya pete, na mingine ilikuwa na kishada cha pete ndogo chini ya bapa. Mkuki wenye fito ya mnyororo haurushwi, haumchomi mtu wala mnyama. Umebaki umbo la mkuki, kazi ya vita imeondolewa kwa makusudi, na aliyeupokea aliujua uzito wake.

Vitu hivi vilikaa katika nyumba, na nyumba hiyo nayo ni kazi ya kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1876 Stanley alionyeshwa hazina ya Rumanyika: nyumba ya mviringo yenye kuba, imeezekwa nyasi kwa unadhifu, upana wake kama futi 30 kwa makadirio yake. Katikati palikuwa na meko ya duara iliyojengwa kwa ustadi kiasi cha kumfanya aitaje peke yake. Kulikuwa na kiti cha mfalme kilichochongwa kutoka gogo moja, bila kiungo hata kimoja. Kulikuwa na vikombe na vyombo vya maziwa vya mti, visafi vyote. Kulikuwa na nguo za nyasi, laini kiasi cha kushindana na pamba, zenye michirizi myeusi na myekundu. Kisha wanyama: bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, pofu kumi, na wale ng'ombe. Na chini, kuuzunguka ukuta, zilipangwa zawadi za marafiki Waarabu, masinia mazito ya shaba na vifuniko vya mabakuli ambavyo Stanley alivitambua kuwa vya Birmingham. Bunduki aliyoiacha Speke ilikuwa na mahali pake pa heshima. Nje ya nyumba zilisimama ngoma 52.

Tazama ule mpango. Sinia la Kiarabu halikufichwa, wala kifuniko cha Birmingham hakikutupwa kwa kuwa ni cha kigeni. Vimewekwa ukutani, mahali pa mgeni mwenye heshima, na meko imebaki katikati. Anayeingia anaona mara moja nani mwenyeji na nani kaalikwa. Naona huyo ndiye msanifu hasa wa Karagwe, yule aliyepanga, awe ni Rumanyika mwenyewe au mtunza hazina wake ambaye hakuna msafiri aliyejali kumwandika.

Ikulu yenyewe ilikuwa hivyohivyo. Speke alipita kati ya nyumba nyingi ndani ya uzio hadi akafika kwenye baraza lenye paa la mteremko, ambalo Waarabu walimjengea mfalme liwe kama ofisi ya shughuli za serikali. Misonge imezunguka, na katikati yake limesimama paa la kigeni lenye kazi moja iliyojulikana: hapa panaamuliwa mambo, hapa mgeni anapokewa. Na aliyempokea Speke humo alimsalimu kwa Kiswahili kizuri. Alivaa joho jeusi la Kiarabu, lakini miguuni alikuwa na shanga za rangi zilizofumwa kama soksi na mikononi bangili za shaba zilizofanywa kwa ustadi. Joho limetoka mbali, shaba imetoka mbali, shanga zimetoka mbali kuliko vyote, na hakuna mtu aliyemwangalia akadhani amekutana na Mwarabu.

Leo ukipita Ihembe, huko Karagwe, kati ya migomba na mibuni, utakutana na nyumba za matofali ya kuchoma na paa za bati, mteremko huku na mteremko kule. Lile paa lililokuwa la wageni pekee limekuwa la kila mtu, na sioni sababu ya kulililia. Bati halivuji, na halitaki kuezekwa upya kila nyasi zinapooza. Anayetaka kuona msonge wa Kihaya ukiwa mzima, nyasi zikishuka hadi karibu na ardhi, anaweza kwenda Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam. Ninachokilalamikia ni kingine. Siku hizi hoteli ikitaka kuonekana ya Kitanzania inasimamisha nguzo za zege, inazivika kofia ya nyasi, na kazi imekwisha. Kofia hiyo haikuzaliwa na nguzo zile. Msonge wa kweli ni ule ambao paa na ukuta ni kitu kimoja, pete za fito zimefungwa kutoka chini hadi kileleni, na nyasi zimelala kwa tabaka juu yake. Ukiuvunja umoja huo ukabakiza pambo, umebakiza kifuniko cha Birmingham bila ile meko.

Nembo ya taifa letu, kwa upande wake, imelielewa jambo hili vizuri zaidi. Ina mkuki, ina jembe, ina shoka, na vyote vitatu ni watoto wa mhunzi. Sijui kama waliochora walikuwa na habari za Bweranyange, lakini mzee yeyote wa Karagwe angeisoma bila kutafsiriwa.

Nimesema sikubaliani na Speke. Niongeze jambo moja la kumpa nusu ya haki yake, nalo ni wale bata. Chuma na chuma huungana kwa moto: vipande viwili vikipata joto jeupe na nyundo ikawahi, vinakuwa kimoja. Shaba haikubali hivyo. Ukiipasha kama chuma inaporomoka. Ili bawa jekundu likae kwenye ubavu wa njano, fundi lazima atoboe na kugongomea vijiti vya shaba, au akunje ukingo juu ya ukingo, au atumie risasi ya kuunganishia. Hizo ni mbinu za mfua shaba, wa aina aliyekuwa akitengeneza masinia na mabirika katika miji ya pwani, na fundi wa namna hiyo kupita Kafuro akiwa na koleo zake si jambo la ajabu. Inawezekana kabisa kwamba mhunzi wa Omukama aliketi naye, akamtazama mikono, akauliza. Kisha akaenda kufua ndege wa maziwa na vinamasi vya Kagera, akamchagulia mwili wa rangi moja na mabawa ya rangi nyingine, kwa sababu bata akitulia majini huonekana rangi moja, na akiruka tu ndipo unaona alichokuwa amekificha chini ya bawa.